Chumvi Katika Mafuta ya Gobore

Mwanangu Janine,

Umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na namjua, hatakuachia mpaka ule. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa hapa mlangoni, karatasi nimeilaza juu ya ungo uliopinduliwa, na mwanga bado unatosha. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichosomea kule Tanzania. Kirundi nakisema tangu utoto lakini kukiandika kunanichosha, na Kifaransa chenu cha shule sikukifikia.

Habari za sweta na za kuchemsha maji ya kunywa sitakuambia. Umeshakuwa mkubwa. Nataka kukuambia habari ya mtu unayekwenda kumfanyia kazi.

Jana Melkiori alipopiga simu kusema chumba kipo tayari Kobero na kazi ya depo, lile ghala lake la bidhaa, inakungoja, ulinipa simu nimshukuru. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikakurudishia. Ukaniuliza kwa nini nimekuwa mkavu hivyo kwa mtu anayetusaidia, mtu aliyemlilia baba yako kaburini. Nikasema moshi umeniingia machoni. Haukuwa moshi. Simwamini Melkiori, Janine. Simwamini tangu ukiwa tumboni, na kwa miaka yote hii ushahidi wangu umekuwa mmoja tu, ulimi wangu mwenyewe.

Unajua kwamba baba yako alikuwa mlinzi wa mashamba kule Tanzania, lakini hatukuwahi kukusimulia vizuri. Makazi yetu ya wakimbizi yalipakana na kijiji cha wenyeji, na mashamba ya pande zote mbili yaliishia kwenye pori moja. Nguruwe walitoka humo kama watu wanaokwenda gulioni. Ukilala na shamba la mihogo, unaamka na shimo. Kijiji kilikuwa na gobore moja lenye kibali, na mwenyekiti wa kijiji alimkabidhi baba yako, ingawa alikuwa mgeni, kwa sababu Filberti alijua kulenga. Lile gobore ndilo lililotupa heshima. Nyama iligawiwa nyumba kwa nyumba, na watu ambao zamani walituita wakimbizi walianza kumwita baba yako jina lake.

Hujawahi kuona gobore, na huku kwetu ni bora usilione. Ni bunduki ya zamani, ya kushindilia kwa mdomoni. Unamimina baruti kwenye mtutu, unaweka kizibo, unaweka risasi ya mviringo, unashindilia kwa mdeki, kile chuma kirefu chembamba, kisha unaweka fataki ya kuwashia baruti nyuma ndipo unalenga. Ni risasi moja tu. Ukikosa, nguruwe hakungoji ushindilie nyingine.

Watu huangalia baruti, huangalia macho ya mpigaji, lakini kizibo hakuna anayekiangalia. Mimi nilikijua kwa sababu baba yangu, yaani babu yako, alikuwa na gobore lake, na vizibo nyumbani kwetu ilikuwa kazi ya wasichana, kama kuchambua maharage. Tulivikata kutoka kwenye kofia kuukuu za pama, zile za sufu nzito iliyoshindiliwa, kwa kipande cha bomba kilichonolewa ncha. Kizibo lazima kikaze ndani ya mtutu. Kikilegea, moto wa baruti unapita pembeni ya risasi, risasi inayumba, inakwenda inakotaka yenyewe. Tuliweka viwili. Cha chini kikavu, kisiloweshe baruti. Cha juu tulikichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya kondoo, na risasi nayo tuliipaka mafuta hayo hayo, kidogo tu. Mafuta yanalainisha masizi ya mlio uliotangulia, risasi inateleza bila kukwaruza, na mlio wa pili unafuata njia ya ule wa kwanza. Nilipoolewa nilikuja na kofia mbili za pama za baba yangu ndani ya sanduku, na mawifi zangu walicheka sana wakidhani ni ushamba.

Msimu wa kwanza nilimkatia baba yako vizibo mwenyewe na hakukosa. Msimu wa pili nikawa na mimba yako. Harufu ya mafuta ya kondoo ilinitapisha mpaka nikashindwa kusimama. Hapo ndipo Melkiori alipoingia. Alikuwa jirani yetu, tena rafiki wa baba yako, walifyeka pori pamoja tulipopewa mashamba. Hakuna aliyemwomba. Alikuja akasema, shemeji pumzika, kazi hii nitaifanya mimi, niliwahi kulinda kwa gobore kule nilikotoka. Baada ya siku chache akaleta vizibo vimepangwa vizuri ndani ya kopo la maziwa ya unga, na mafuta kwenye chupa. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Basi baba yako akaanza kukosa.

Mwanzoni alikosa mara moja moja. Baadaye ikawa anarudi asubuhi mikono mitupu, anasema amepiga, amekosa, kisha analala. Nami, mwanangu, sikushuku gobore. Nilimshuku yeye. Njia ya kwenda zamu ilipita karibu na nyumba ya mjane mmoja, mwanamke msafi, mcheshi, na mimi nilikuwa nimevimba miguu. Nikaanza kunusa shati lake kabla sijalifua. Nikawauliza wenye mashamba ya jirani kama walisikia mlio. Nilimhudumia chakula nikimtazama midomo anavyosema, kama hakimu. Na nilijua kwamba kuna njia nyingine ya kufikiri, kwamba labda nyama anaiuza upande wa pili, hiyo nayo nikaihifadhi moyoni pamoja na ya mjane.

Mwisho alichoka. Hakufoka, unamjua alivyokuwa. Alichukua gobore mchana kweupe, akanivuta mkono mpaka kwenye kichuguu nyuma ya shamba, akatundika kipande cha kanga, akapima umbali ambao hata mimi ningepiga. Akashindilia, akalenga, akapiga. Kanga haikuguswa. Akapiga tena, udongo ukaruka juu ya kichuguu. Mara ya tatu tundu likatokea pembeni kabisa, risasi imechana ukingo tu.

Akaniambia, "Sasa umeona ninakolala."

Nililia, nusu kwa aibu na nusu kwa furaha. Ila akili yangu haikutulia. Kushuku ni kama kuwashwa, ukiacha kujikuna hapa unajikuna pale. Baruti ilikuwa ile ile ya siku zote. Risasi tuliziyeyusha kwenye kalibu ile ile. Mpigaji yule yule. Ni nini kilichobadilika? Nikalichukua lile kopo la Melkiori.

Vizibo vilikuwa vya blanketi, vyepesi, na nilipokisukuma kimoja ndani ya mtutu kwa kidole kilishuka bila kubishana. Hilo peke yake ningelisamehe, si kila mtu ana kofia ya pama. Lakini nikachovya kidole kwenye mafuta nikalamba. Yalikuwa na chumvi. Tena si ya kubahatisha, ilikuwa chumvi ya mtu anayetaka samaki wakae. Tukafunga kitambaa kwenye mdeki, tukakipitisha ndani ya mtutu, kikatoka chekundu kwa kutu.

Baba yako alikwenda kumuuliza, mimi nikiwa nimesimama nyuma yake. Melkiori alishangaa, akasema alitia chumvi ili mafuta yasioze kwa joto, kama watu wanavyotia kwenye nyama, na kuhusu chuma hakufikiri. Jibu lilikuwa zuri. Uso wake ulikuwa mzuri pia. Tulipokuwa tunarudi baba yako akasema mtu hukosea. Nikamwambia mtu aliyewahi kulinda kwa gobore hawezi kutojua chumvi inafanya nini kwenye chuma. Nikamkumbusha kwamba Melkiori ndiye aliyeomba gobore lile kwa mwenyekiti kabla yetu, na kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaambia watu macho ya Filberti yanafifia. Akasema, Daforoza, wiki iliyopita alikuwa mjane, wiki hii ni Melkiori.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nikaamua nisiseme tena mpaka nipime.

Nilijifunga kanga puani nikarudi kwenye kazi yangu. Kwanza tuliosha mtutu kwa maji yanayochemka, tukaukausha, tukaupaka mafuta safi, tukapiga kwa vizibo vile vile vya blanketi. Ilikuwa nafuu kidogo, lakini bado. Kisha nikabadilisha vizibo peke yake, nikaweka vya pama, mafuta nikaacha yale yale ya chumvi. Kanga ikaanza kutoboka. Mwisho nikayeyusha nta na mafuta ya kondoo yasiyo na chumvi, kizibo kikavu chini, chenye mafuta juu, na baba yako akapitisha kitambaa ndani ya mtutu kila baada ya mlio. Matundu ya siku ile ungeyafunika kwa sahani moja. Nakuandikia haya yote kwa sababu moja. Kama ningebadilisha vyote mara moja, lingepiga vizuri tu, na mpaka leo nisingejua kosa lilikuwa wapi. Ukimshuku mtu, Janine, usibadilishe kila kitu siku moja. Badilisha kimoja, utazame.

Kumbe wakati sisi tunapima, maneno yalikuwa yameshafika kijijini. Mwenyekiti akaita watu uwanjani, Filberti apige mbele yao, akishindwa gobore lipewe mwingine. Aliyetoa wazo hilo, nilikuja kusikia baadaye, ni Melkiori. Asubuhi ya siku yenyewe alikuja kwetu mapema, akasema atamsindikiza rafiki yake, akachukua mfuko wa baba yako wenye kopo la vizibo, akaubeba njia nzima. Mimi nilitembea nyuma yao, polepole kwa tumbo, sikuuondolea macho mfuko ule. Ila kuna mahali njia inazunguka mihogo, na mwanamke mwenye mimba hakimbii.

Nilikuwa nimefunga vizibo vingine kwenye pindo la kanga yangu. Sikumwambia mtu, hata baba yako. Ilipofika zamu yake nikamwendea kama mke anayempa mume maji, nikamtilia mkononi. Alinitazama, akaelewa, akashindilia vile. Akapiga, akapitisha kitambaa, akapiga tena. Watu wakashangilia.

Mwenyekiti, kwa kutaka haki ionekane, akasema na Melkiori apige, kwa kuwa naye aliwahi kuomba. Hapo nikachukua kopo kutoka kwenye mfuko nikampa mimi mwenyewe, mbele ya wote.

"Shemeji, tumia hivi," nikamwambia.

Akalipokea. Alilitazama kopo lile kwa muda ambao kwa mwingine ungekuwa mfupi, kwangu ulikuwa mrefu. Kisha akanirudishia, akasema bega linamuuma tangu juzi alipobeba gunia. Akacheka, na watu wakacheka naye.

Nyumbani nikalimwaga kopo kwenye sahani. Vya juu vilikuwa vyangu, vya pama. Vya chini vilikuwa vya pama pia, ila sikuwa na hakika kama ni mkono wangu uliovikata. Nikalamba kimoja. Chumvi. Nikampa baba yako, akalamba, akatafakari, akasema haoni chumvi yoyote, ni mafuta tu, mimba inabadilisha ladha. Nikalamba tena, chumvi. Akachukua vyote akavitia motoni, akasema nyumba yake haitakuwa nyumba ya kulambana na majirani. Nilimkasirikia kwa kuunguza ushahidi wangu. Mimba ikaisha, ukazaliwa, na ladha ile haikunitoka mdomoni.

Hatukugombana na Melkiori. Tuliporudi Burundi sisi tulikuja kwenye udongo wa babu yako mzaa baba hapa Nyarusange, yeye akaenda Muyinga, na mpakani akapata bahati yake. Alitutumia sukari alipobatizwa mdogo wako. Baba yako alipofariki alikuja na mchele wa kuwalisha watu wote, akalia kuliko ndugu. Nilimtazama akilia, nikawa natafuta kitu usoni mwake, nikaona haya, nikaacha.

Sasa kuna jambo nililokuficha. Juzi juzi nilikuambia nakwenda Giteranyi kumwona mjomba wako anayeumwa mgongo. Nilikwenda kweli, lakini kwanza nilipitia Kobero. Nilitaka kuona depo kwa macho yangu kabla sijakutoa. Nilikaa kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke Mwislamu wa Muyinga mjini, Mama Zuhura, kibanda chake kinatazamana na mlango wa depo. Nilimpa sketi yangu apunguze kiuno, na sketi haikuwa na shida yoyote. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya forodha, wapagazi wanapita na mizigo kichwani, nami nikaanza kumuuliza polepole habari za yule jirani yake tajiri.

Alishona kwanza, akatazama barabarani, ndipo akasema kwa Kiswahili cha huko, "Patron iko muzuri, anasalimiaka kila mutu. Lakini ule binti alikuwa anafanya kazi hapa zamani, yeye mwenyewe ndiye alimupatia ufunguo ya stoku. Kisha akasema vitu vimepotea, akamufukuza. Mi sijue kama binti aliiba ao hapana. We mama, uko na mutoto anakuja hapa?"

Nikasema labda. Akaniambia kama mtoto anakuja, basi amjue yeye, na mlango wake haufungwi mapema.

Nilikuwa nalipia sketi wakati Melkiori mwenyewe alipovuka barabara. Amenenepa, ana kofia nzuri. Alinikumbatia, akaagiza Fanta, akauliza habari za nyumbani moja moja. Tulipokuwa tunaagana akainama kidogo, akacheka.

"Shemeji, bado unaonja mafuta?" akaniuliza.

Janine, tulipomuuliza habari ya chumvi hatukumwambia tuliijuaje; habari ya kuonja niliijua mimi na baba yako tu. Nilipanda baiskeli ya kukodi mpaka Giteranyi nikilirudia swali lile njia nzima. Mjomba wako alidhani mimi ndiye mgonjwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kukuzuia bila kukuzuia. Umemaliza shule, umezunguka ofisi zote za Gitega na bahasha yako, na kazi hii ndiyo ya kwanza iliyokuita kwa jina. Nitakuambia uikatae kwa sababu ya ladha niliyoisikia kabla hujazaliwa? Baba yako angecheka. Au labda asingecheka, ndicho nilichokuja kujua leo.

Leo mchana ulipokuwa unafunga mizigo nilikwenda mpaka nyuma ya migomba nikampigia. Sikuzunguka. Nilimwambia mwanangu anakuja kesho, na kabla hajaja nataka kujua ni nani aliyemwambia habari ya kuonja. Akasema ni Filberti. Akasema jioni ile ile ya uwanjani, baada ya kuunguza vile vizibo, baba yako alikwenda kwake peke yake, akamwambia, mke wangu Daforoza ameonja chumvi na mimi pia nimeionja, sasa niambie.

"Nikamwambia," Melkiori akasema. "Vya chini vilikuwa vyangu. Nililitaka lile gobore, shemeji, nilikuwa naona mnavyoheshimiwa. Filberti akanikataza nisikuambie, alisema ungelitangaza jambo hilo makazi mazima, nasi tungefukuzwa, na mtoto wangu alikuwa bado ananyonya. Yeye alikuja akaniuliza, nikamjibu. Wewe hukuniuliza siku zote hizi."

Nilikaa chini kwenye majani. Ulimi wangu haukukosea, na mume wangu alijua haukukosea, akaniacha nijione mwendawazimu maisha yangu yote ili mtu mwingine apate pa kuishi. Bado sijui nimsamehe vipi, na hayupo nimuulize. Na yule niliyemshuku amenieleza kweli mara ya kwanza nilipomuuliza, kama aliyekuwa anangojea. Sijui kama hilo linanifanya nimwamini zaidi au nimwogope zaidi.

Kwa hiyo nikaendelea. Nikamuuliza habari ya yule binti wa ufunguo. Akasema, "Huyo...", kisha akasema mtandao ni mbaya, hanisikii, na simu ikakatika. Nilipiga tena, hapatikani. Nikapiga tena ulipotoka kwenda kwa shangazi, hapatikani. Huenda ni mtandao kweli, pale mpakani simu hazijui zishike Burundi au Tanzania. Huenda si mtandao.

Nenda, mwanangu. Sikuzuii. Lakini ukifika, kabla hujapokea ufunguo wowote, muulize swali hilo la yule binti mkiwa mmesimama uso kwa uso. Muulize kwa heshima, kwa sauti ya kawaida, kisha unyamaze umwache ajibu. Usifanye kama mimi niliyelamba na kunusa miaka yote nikidhani huko ndiko kuchunguza, kumbe nilikuwa naogopa jibu. Ukiridhika, fanya kazi. Usiporidhika, vuka barabara kwa Mama Zuhura, na asubuhi upande gari la kurudi Gitega. Hakuna mtu hapa atakayekuuliza mbona umerudi.

Nasikia sauti yako na ya shangazi kule kwenye njia ya kisima, mnacheka. Naikunja barua hii na kuitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lako. Utaikuta ukishapita Karuzi, utakapotafuta nauli ya kutoka Muyinga mjini.

Mama yako anayekupenda na asiyeamini watu upesi,
Daforoza